Mzee ana saratani ya tumbo hatua ya nne: tuuze shamba twende India?

Swali kutoka kwa msomaji wa Molo, Kaunti ya Nakuru:

"Daktari, pokea salamu. Baba yetu ana miaka 64. Mwaka mzima tulikuwa tukimnunulia dawa za vidonda vya tumbo kwenye duka la dawa. Anapata nafuu, kisha maumivu yanarudi. Hivi majuzi akaanza kutapika na kukonda, tukampeleka Nakuru akaingizwa kamera. Tumeambiwa ni saratani ya tumbo hatua ya nne, na skani inaonyesha madoa kwenye ini. Daktari wa upasuaji amekataa kumpasua, akatuelekeza kliniki ya saratani tuanze kemo. Ndugu zangu wanasema huko ni kututupa, na wanataka tuuze ekari mbili za baba tumpeleke India. Yeye mwenyewe hajaambiwa, anajua ana vidonda vilivyokomaa. Je, kuna tiba? Ana muda gani? Tuuze? Na sisi watoto tuko hatarini?"

Jibu:

Dada, pole sana wewe na jamaa yako. Umeuliza mambo manne, lakini naona kinachowagawanya nyumbani ni kimoja, nacho ni kama yule daktari wa upasuaji amewatupa. Nitaanzia hapo. Familia ikishaamini imetupwa huanza kukimbia huku na huko, na anayechoka kwa mbio hizo ni mgonjwa.

Saratani ya tumbo ikiwa bado imo tumboni na kwenye tezi za karibu, kisu ndicho tiba kuu. Mgonjwa hupewa kemo kwanza, akapasuliwa, kisha akaongezewa kemo nyingine, na wapo wanaopona kabisa. Ikishafika kwenye ini, hesabu inabadilika. Seli zilizofika huko zilisafiri kwa damu, na madoa mliyoonyeshwa ni yale tu yaliyokua kiasi cha kuonekana kwenye skani. Ninyi wa Molo mnalima viazi, mnajua mnyauko ukishaingia udongoni, kung'oa shina moja lililolegea hakuliokoi shamba. Kuondoa tumbo lote ni operesheni kubwa. Mzee aliyekwisha kukonda angetumia wiki nyingi kuuguza kidonda, kemo ikisubiri, na yale ya kwenye ini yakiendelea bila kuguswa.

Jambo hili limepimwa. Madaktari wa Japani, Korea Kusini na Singapore, nchi ambazo wapasuaji wake wameizoea saratani hii kuliko wa kwingi duniani, waliwagawa wagonjwa wa hatua hii makundi mawili: wengine wakapewa kemo peke yake, wengine wakaondolewa tumbo kisha wakapewa kemo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliopasuliwa hawakuishi muda mrefu zaidi, na utafiti ulisitishwa kabla ya kukamilika kwa sababu ilishaonekana hakuna faida. Kwa hiyo aliyewaambia "sipasui" aliijua kazi yake. Mimi ningemwogopa zaidi ambaye angekubali haraka akaanza kutaja bei.

Kisu bado kina nafasi yake hata katika hatua hii: tumbo likiziba kabisa, likitoboka, au damu ikikataa kukoma. Na mara chache sana, doa likiwa moja na likanywea vizuri kwa kemo, jopo la madaktari huweza kulifikiria upya. Msiishi mkiisubiri siku hiyo, lakini jueni ipo.

Tena, "madoa kwenye ini" hayana maana kwamba mzee ana saratani mbili. Ni ile ile ya tumbo iliyohamia huko, na dawa itakayotumika ni ya tumbo.

Sasa, kabla ya kemo na kabla ya shamba, hakikisheni mna karatasi moja mkononi: ripoti ya biopsi, yaani majibu ya maabara ya kile kinyama kilichokatwa wakati wa kamera. Kamera inaona kidonda tu, jina la ugonjwa linatoka maabara. Nasisitiza kwa sababu si kila uvimbe wa tumbo ni ule ugonjwa wa kawaida uitwao adenokasinoma. Kuna limfoma ya tumbo, yaani saratani ya chembe za kinga, ambayo hata ikienea huweza kuitikia dawa vizuri mno, na aina yake moja ya taratibu huweza kupungua kwa antibiotiki peke yake. Kuna uvimbe uitwao GIST, ambao una tembe zake maalumu. Kifua kikuu cha tumboni nacho huweza kujifanya saratani kwenye skani. Kama ripoti haijatoka, hakuna aliye na haki ya kumwambia mzee wala ninyi kwamba mambo yamekwisha. Kama imetoka na inasema adenokasinoma, tuendelee.

Ulizeni kama kinyama hicho kimepimwa HER2, protini iliyo juu ya seli inayozichochea kukua, na pia kipimo kiitwacho MMR (baadhi ya maabara huandika MSI), kinachoonyesha kama seli zinaweza kurekebisha makosa ya vinasaba vyake. Hivi viwili hubadilisha matibabu. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano ana HER2 nyingi kwenye uvimbe wake, na huyo huongezewa dawa ya dripu iitwayo trastuzumabu juu ya kemo. Utafiti wa mwaka 2010 ulioiingiza dawa hiyo kwenye saratani ya tumbo ulionyesha wastani wa miezi 13.8 ya kuishi, dhidi ya miezi 11.1 kwa waliopewa kemo tu. MMR yenye kasoro ni ya wachache zaidi katika hatua ya nne, lakini kwa hao dawa zinazoamsha kinga ya mwili huweza kufanya kazi ya ajabu, na wengine huishi miaka. Kuna vipimo vingine, PD-L1 na CLDN18.2, vya dawa mpya zaidi. Hizo kwa wastani huongeza miezi michache na bei yake inatisha. Ulizieni mkiyajua hayo.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Kinyama kile hakitupwi. Maabara hukihifadhi ndani ya kipande kidogo cha nta, na mzee ana haki ya kuomba kitumike tena. Kinaweza kutumwa Nairobi kupimwa HER2 mzee akiwa amekaa kwake Molo anaota moto. Hata skani iko kwenye CD, na daktari wa pili popote alipo anaweza kuisoma. Watu wamepanda ndege kufuata jibu ambalo lingekwenda ndani ya bahasha.

Nije kwenye muda. Nitakupa nambari, kwa kuwa umeuliza waziwazi. Tafiti zilizolinganisha kemo na huduma ya kupunguza dalili peke yake zilikuta kwamba bila kemo wagonjwa wa hatua hii waliishi wastani wa takriban miezi 4, na wenye kemo takriban miezi 11. Kwa mchanganyiko wa dawa za siku hizi tunazungumzia karibu mwaka, na zaidi kidogo kwa wenye HER2 au zile alama nyingine. Huu ni wastani wa katikati: nusu ya wagonjwa waliishi chini ya hapo, nusu juu ya hapo, na ndani ya ile nusu ya pili wamo waliovuka miaka miwili. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba katika kila watu 100 waliogunduliwa saratani hii ikiwa imeshafika viungo vya mbali, 6 au 7 wako hai baada ya miaka mitano. Kwa hiyo ukiniuliza kama kuna tiba, ipo. Kama unauliza kuponya ugonjwa uishe kabisa, katika hatua hii ni nadra, na atakayewaahidi hilo mmwogope.

Nambari hizo zilitoka kwa watu walioingia kwenye tafiti wakiwa na nguvu kiasi. Kwa mzee wenu, kuna mambo yatakayoonyesha zaidi kuliko jedwali lolote. Je, anaoga mwenyewe, anatembea hadi zizini na kurudi, au nusu ya mchana yuko kitandani? Uzito unaendelea kushuka? Figo na ini bado vinafanya kazi? Utando wa ndani ya tumbo umejaa maji? Halafu kuna jibu kubwa kuliko yote, nalo ni skani ya kwanza baada ya miezi miwili hadi mitatu ya kemo. Ugonjwa ukiwa umenywea au umesimama, mna nafasi ya kupanga. Ukiwa umekua huku anapewa dawa, mazungumzo yatakuwa mengine, na huenda jibu la busara likawa kuacha kemo. Mtu ambaye hatoki kitandani kabisa mimi simwanzishii, itamuumiza bila kumfaa.

Mchanganyiko unaotumika sana kuanzia ni oksaliplatini, ambayo ni dripu ya siku ya kwanza, pamoja na tembe za kapesitabini anazomeza siku 14 nyumbani, kisha anapumzika siku 7, na mzunguko unaanza tena. Kama kutapika kumezidi hadi tembe hazikai, mwambieni daktari kabla ya kuanza. Ipo njia ya kumpa yote kwa mshipa, na tembe zinazoishia kwenye ndoo si matibabu.

Kwa mtu wa Molo oksaliplatini ina kero yake, kwa sababu inafanya mishipa ya fahamu ichukie baridi. Siku kadhaa baada ya dripu, akishika maji ya bomba asubuhi vidole vitachoma kama vina umeme, na akinywa kitu baridi koo litabana hadi ahisi hapumui. Inatisha, lakini huisha. Maji ya kunawa yapashwe moto, avae glavu na soksi, mala inywewe ikiwa imetolewa ubaridi, na atoke nje jua likishapanda. Ganzi ikianza kubaki kati ya dripu moja na nyingine, aseme mapema, dawa hiyo hupunguzwa au kuachwa kabla haijaharibu vidole moja kwa moja.

Mambo mawili hayangojei kliniki. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni ya kwenda hospitali usiku huo huo, hata kama ni saa tisa na gari ni la kukodi, kwa sababu kemo hushusha chembe za kinga na maambukizi huweza kumwondoa mtu kwa siku moja. Nunueni kipimajoto leo. La pili ni kuhara mara nne au zaidi kwa siku, au vidonda vinavyojaa mdomo: simamisheni tembe za kapesitabini pale pale, kisha pigieni kliniki. Wapo watu ambao miili yao haiwezi kuivunja dawa hiyo, na dalili hujitokeza kwenye mzunguko wa kwanza. Msiseme "avumilie amalize dozi". Dozi ya kemo haimalizwi kama ya malaria.

Na daktari akimpunguzia kipimo, msidhani mnapunjwa. Utafiti wa Uingereza kwa wazee dhaifu wenye saratani ya tumbo na umio ulikuta kwamba dozi ya asilimia 60 ya mchanganyiko huu huu ilizuia ugonjwa kama dozi kubwa zaidi, na wagonjwa wakajisikia vizuri zaidi.

Najua pia kuna mtu ameshaleta majani ya mstafeli, au mwarobaini, au unga usio na jina. Sitawagombeza. Nitasema tu kwamba ini la mzee lina madoa tayari, na ndilo linalohudumia kemo. Kulitwika kazi ya kuchuja mitishamba isiyojulikana katikati ya matibabu ni kumwongezea mzigo. Hata tembe za asidi foliki, ambazo watu hununua "kuongeza damu", huzidisha makali ya kapesitabini. Chochote anachomeza, daktari wake akijue. Kufichana kunaua kuliko mwarobaini.

Sasa India. Kuna hospitali nzuri kule, siwezi kuzibeza, na kuna magonjwa ninayowaandikia watu barua waende. Lakini dawa za kuanzia nilizozitaja zinatolewa Nakuru, zinatolewa Moi Eldoret, zinatolewa Kisumu pale Jaramogi ambapo watu wanapaita Russia. Dripu ya Chennai na dripu ya Nakuru ni ile ile. Na kemo si ya mara moja, ni kila wiki tatu, kwa miezi. Nani atakaa naye hoteli miezi hiyo yote? Atakula nini, mtu ambaye hata ugali wa nyumbani unamshinda? Mara nyingi familia hulipia mzunguko mmoja au miwili kule, fedha zikaisha, akarudi kuendelea hapa hapa na dawa zile zile, shamba likiwa limeshaandikwa jina la mtu mwingine.

Ushauri wangu ni huu: msiuze chochote kabla ya majibu ya HER2 na MMR, na kabla ya ile skani ya kwanza. Majibu yakionyesha kuna dawa mahususi inayomfaa, hapo mtakuwa mnajadili bei ya kitu chenye jina, na mtaweza kuuliza kama inapatikana Nairobi. Kaka anayetaka kufanya kitu kikubwa sasa hivi, alipie vipimo hivyo na nauli ya kila wiki tatu. Nauli ndiyo huangusha wagonjwa wengi wa vijijini kuliko bei ya dripu.

Na SHA, bima ya afya ya serikali, je? Ilipochukua nafasi ya NHIF, Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilianza na shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyingine 150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu zile zikiisha. Viwango hivyo hurekebishwa, kwa hiyo ulizeni dawati la SHA hospitalini kiwango cha sasa, na muulize hasa kimebaki kiasi gani baada ya kila mzunguko, kwa maana skani nazo zinakula humo humo. Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kama wa mzee haujalipwa, hiyo ndiyo harambee ya kwanza.

Kuna jambo moja kwenye barua yako lililonifanya nisimame. Mnamficha ugonjwa, na papo hapo mnataka kuuza ekari zake mbili. Hati iko kwa jina la nani? Kama ni lake, yeye ndiye atakayetia sahihi. Mama yenu atatakiwa kuridhia, na kwa shamba la kilimo mtapita bodi ya kusimamia ardhi. Mtamwambia anauza ili kutibu vidonda? Wazee si wajinga. Mtu ambaye watoto wake wamerudi nyumbani wote kwa wiki moja, wanaongea nje kwa sauti ya chini, ameshajua kuna kitu. Kinachobaki ni kuamua kama atakijua akiwa nanyi au akiwa peke yake.

Mwambieni. Si lazima iwe kwa nambari nilizokupa, hizo ulizitaka wewe. Anza kwa kumuuliza: "Baba, madaktari wamekueleza nini kuhusu ugonjwa huu? Ungependa kujua yote, au tuwe tunashughulika sisi?" Wapo wazee watakaosema, shughulikeni. Heshimuni hilo, ni uamuzi wake. Wengi husema, niambieni. Basi neno saratani litajwe, mseme ugonjwa hauondoki kabisa lakini una dawa za kuuzuia, kisha mnyamaze. Acheni yeye ndiye aulize linalofuata. Kama kuna mzee mwenzake au ndugu yake anayemwamini, awepo. Mhubiri pia, ikiwa hatakuja na ahadi ya muujiza kabla ya maombi. Akishajua, mtashangaa atakavyowapunguzia mabishano. Nimeona baba akiwakatalia watoto India kwa sentensi moja, na nimeona mwingine akisema jaribuni kila kitu. Wote wawili walikuwa na haki, mali ni yao na mwili ni wao.

Sasa chakula, maana najua jikoni ndiko vita vya kila siku. Mzee hali kwa sababu tumbo limepungua nafasi na ugonjwa wenyewe huzima hamu. Hana kiburi, wala hajakata tamaa. Sahani ya ugali wa familia humshinda kabla hajaanza. Apewe kidogo kila saa mbili au tatu: uji wa wimbi wenye maziwa na siagi ya njugu, yai, parachichi lililopondwa, supu yenye samaki aliyechambuliwa, viazi vya kuponda na maziwa. Maji na chai viwe kati ya milo, si pamoja nayo, visijaze nafasi. Akae wima nusu saa baada ya kula. Sukari haiilishi saratani kwa namna ya kumnyima chai yake. Mtu anayekonda hivi nimnyime sukari kwa sababu gani?

Akitapika chakula cha jana, au akijaa baada ya vijiko viwili, mlango wa kutokea tumboni huenda umeziba. Msikae nyumbani mkibadilisha vyakula. Huwekwa mrija wa chuma unaopanuka kwa kutumia kamera, au hupasuliwa njia ya kupitisha chakula pembeni, na mtu akala tena. Kinyesi cheusi kama lami ni damu. Huongezewa damu, na mionzi ya siku chache huweza kuukausha uvimbe unaovuja. Mashine ya mionzi siku hizi iko Nakuru na Eldoret, si lazima Kenyatta kama zamani. Maji yakijaa tumboni hutolewa kwa sindano, naye akapumua.

Haya yote ndiyo tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na hapa naona ndugu zenu watasema tena "wametupwa". Tiba shufaa haisubiri kemo ishindwe, inaanza nayo siku moja. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, ulikuta kwamba waliopewa huduma hiyo mapema waliishi vizuri zaidi, na pia waliishi miezi zaidi kuliko wenzao. Nakuru ina Nakuru Hospice, Kisumu ina yake, na hata Eldoret. Ombeni barua ya kwenda huko wiki hii, mzee akiwa bado anatembea, wafahamiane naye mapema.

Maumivu yakizidi tembe za kawaida, atapewa mofini ya maji. Ukisikia jina hilo usitetemeke. Ikipimwa sawasawa haimwondoi mtu wala haimfanyi teja. Inamfanya alale usiku na kula mchana. Hunywewa kwa saa zake, kila saa nne, bila kungoja maumivu yaamke, na lazima iandamane na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa inafunga tumbo. Kichefuchefu cha siku za mwanzo kina dawa yake, na huisha.

Mwisho mmeuliza kuhusu ninyi watoto. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepata saratani ya tumbo ana hatari takriban mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine. Inasikika kubwa, lakini wengi wenu hamtaipata kamwe. Sehemu ya hatari hiyo ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori, ambaye familia huambukizana tangu utotoni kwa kula na kuishi pamoja. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, lilimweka kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani mwaka 1994. Kwa hiyo nendeni mpimwe, ninyi na mama, kwa kipimo cha kinyesi au cha pumzi. Kile cha damu hubaki chanya hata bakteria akishaondoka, kwa hiyo hakitawasaidia sana. Mwenye bakteria ameze dawa zote, kwa kawaida siku 14, kisha arudie kipimo wiki nne au zaidi baadaye kuhakikisha ameondoka.

Na yeyote kati yenu mwenye maumivu ya tumbo yanayorudi kila akimaliza dawa, au anayekonda, au anayekwamwa na chakula, asinunue omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, nyingine dukani. Dawa hiyo hutuliza hata kidonda chenye saratani, ndiyo maana baba alikuwa akipata nafuu mwaka mzima. Msijilaumu kwa hilo, wala msimlaumu mwenye duka peke yake, ugonjwa huu huwadanganya hata madaktari. Lakini kwa historia mliyo nayo sasa, mkifika kliniki mseme mapema: baba yetu ana saratani ya tumbo, tunaomba kamera.